Uliza Ujibiwe: Jana niliingia, leo saiti hainijui

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja. Mtu alikuwa ndani ya akaunti yake jana, leo anafungua anakuta mlango umefungwa, anaambiwa aandike paswedi upya. Naanza na barua ya mwalimu wa Mbeya kwa sababu yake ikishaeleweka hizo nyingine zinakuwa nyepesi.

SWALI: Habari za kazi fundi wetu. Mi ni mwalimu wa sekondari huku Mbeya, natumia laptopu yenye Firefox. Kila asubuhi nikiwasha nakuta nimetolewa kwenye kila kitu, email, Facebook, mpaka ile saiti ninayojazia maksi za wanafunzi. Nimeshabadilisha paswedi mara tatu nikidhani kuna mtu ananiingilia. Tatizo lilianza baada ya kijana mmoja kunisafishia mashine na kuniwekea alichokiita ulinzi. Je nimedukuliwa? – Mwalimu, Mbeya

JIBU: Mwalimu pole sana, kwa dalili hizi mtu hajakuingilia. Paswedi zako zilikuwa nzima tangu mwanzo, kwa hiyo hata ungebadilisha mara kumi kesho yake ungetolewa tu. Kinachopotea kila usiku ni kuki.

Iko hivi. Saiti haikumbuki mtu. Jinsi intaneti ilivyotengenezwa, kila unapobonyeza kitu ombi lako linafika kule kama mgeni ambaye hajawahi kuonekana, hawajui kwamba ni wewe uliyebonyeza sekunde mbili zilizopita. Mwaka 1994 kijana wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, akaja na dawa ndogo tu: saiti ikupe kikaratasi chenye namba, brauza yako (programu unayofungulia saiti, kama hiyo Firefox) ikitunze, na kila ukirudi ikionyeshe bila wewe kuulizwa. Hicho kikaratasi ndo kuki. Kwenye simu zilizowekwa Kiswahili utakuta vimeandikwa vidakuzi, ni kitu hichohicho.

Chukua mfano wa kadi ya kliniki. Mama akifika dirishani nesi hamkumbuki kwa sura, anaangalia namba ya kadi, anakwenda kuvuta faili. Faili liko kliniki siku zote, mama anatembea na kadi tu. Sasa paswedi yako ni yale maelezo uliyotoa siku ya kwanza wakakuamini wakakuandikia kadi, ukishapewa kadi hujielezi tena. Yule kijana amekuwekea setingi inayochana kadi zako zote kila unapofunga Firefox. Mafaili yako yapo, maksi zipo, ila kila asubuhi unaanza upya kujieleza dirishani.

Fungua setingi za Firefox, ingia sehemu ya faragha na usalama, shuka mpaka panapozungumzia kuki na data za saiti. Hapo kuna kiboksi kinachosema vitu hivyo vifutwe Firefox ikifungwa, naamini utakikuta kina tiki, itoe. Teremka kidogo kwenye historia uangalie pale nako, maana kama imewekwa isikumbuke historia kabisa basi Firefox inafanya kazi muda wote kama dirisha la faragha, lile lisilotunza kuki wala historia ukilifunga, na utaendelea kutolewa hata kile kiboksi ukikitoa tiki. Halafu angalia kama kijana alikuwekea programu ya kusafisha kompyuta, zile zinazojifanyia usafi zenyewe ukiwasha mashine, nyingi zinafagia na kuki humohumo.

Kama laptopu mnaitumia watu wengi pale ofisini basi tiki iache, ila bonyeza batani iliyo jirani na kile kiboksi, ya saiti za kuachwa, andika anwani nzima ya saiti ya maksi kuanzia kwenye https, uchague kuruhusu. Kadi ya saiti hiyo moja itabaki na zingine zote zitachanwa jioni. Mimi naipenda hii njia kuliko zote kwa sababu haikulazimishi kuchagua kati ya kuacha milango yote wazi na kufunga yote. Chrome nayo ina setingi ya namna hii kwenye sehemu ya data ambazo saiti zinahifadhi kwenye kifaa, na Edge inakuwezesha kuchagua vitu gani vifutwe ukiifunga, kwa hiyo na wewe msomaji usiye na Firefox kakague kwako.

Jambo moja zaidi mwalimu kabla hujabadilisha paswedi mara ya nne. Paswedi ulizosevu kwenye brauza zinakaa chumba kingine kabisa na kuki. Ukifuta kuki unatolewa kwenye saiti lakini paswedi iliyosevewa inabaki, ukirudi brauza inakujazia. Ukifuta paswedi iliyosevewa huku kuki ipo, unaendelea kuwa ndani kama kawaida mpaka siku kadi itakapokwisha muda, na hapo ndo unagundua hukumbuki ulichoandika mwaka jana. Kwenye Chrome ukienda kufuta data ya kuvinjari utaona viboksi mbalimbali, historia, kuki, picha na mafaili ya kashe (nakala ambazo brauza inatunza ili kurasa zifunguke haraka), na ukiingia ndani zaidi kuna na cha paswedi. Watu wanaweka tiki zote kwa mpigo kisa simu nzito. Ukitaka kupunguza uzito futa kashe peke yake, hiyo haikutoi popote.

SWALI: Nauza vitenge Tanga, nina akaunti kwenye saiti moja ya jumla. Kwenye Chrome ya simu yangu niko ndani siku zote, lakini wateja wakiniwekea linki ya bidhaa kwenye Facebook nikiibonyeza saiti ileile inaniambia nijisajili. Simu ni moja, laini ni moja, inakuwaje? – Mama Vitenge, Tanga

JIBU: Dada yangu, ukibonyeza linki ndani ya Facebook haifunguki Chrome, inafunguka brauza ndogo iliyo ndani ya Facebook yenyewe, Instagram nayo ni hivyohivyo. Hiyo ni pochi nyingine, na kadi uliyopewa kwenye Chrome haimo. Ukiona ukurasa umefunguka angalia vidoti vitatu pembeni juu, bonyeza, chagua kufungua kwenye brauza ya nje, utakuta uko ndani tayari. Tafadhali usizoee kuandika paswedi ya biashara kwenye vile vidirisha vya ndani ya app, kwa sababu anwani ya saiti kule haionekani vizuri na matapeli wanapenda sana hapo, wanatengeneza ukurasa unaofanana na ule wa jumla unaweka paswedi yako mwenyewe kwa mkono wako. Paswedi iliyosevewa kwenye Chrome inakusaidia hata kwa hili, maana Chrome inaangalia anwani na siyo sura ya ukurasa, saiti ikiwa feki haikujazii. Ukiona siku hiyo imegoma kujaza, simama kwanza usome anwani herufi kwa herufi.

SWALI: Fundi mambo. Nilisoma kwamba kuki zinatumika kupeleleza watu, nikazizima zote kwenye laptopu. Sasa nikiweka paswedi sahihi ukurasa unajifungua upya unaniuliza paswedi tena, unazunguka hivyo hivyo. Nikarudisha nusu, nikazuia zile za saiti za nje tu, sasa naingia kwenye portal ya chuo ila mtihani wa majaribio ulioko ndani yake unaonyesha boksi jeupe tupu. – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Poa kaka, na hongera kwa kujali faragha yako, wengi hawana habari nayo. Ulipozima zote ulikuwa kama mtu anayeandikiwa kadi dirishani, anaitupa palepale, kisha anapanga foleni tena. Paswedi ilikubaliwa kila mara, ila sekunde iliyofuata saiti ilikuwa haina cha kukutambulia. Mtu akikwambia zima kuki zote kwa usalama usimsikilize, hakuna kulogini bila kadi.

Ulivyofanya mara ya pili ndo sahihi. Kuki za saiti uliyoifungua wewe mwenyewe ni za kwako na saiti hiyo. Zile za nje ni za mtu wa tatu, chukua mfano wa muuza dawa aliyekodi kona kwenye kila kliniki ya mji mzima, kila unapopita popote anakuandikia kwenye daftari lake, mwisho wa mwezi anajua umekwenda wapi kutafuta nini, ndo maana ukiangalia viatu saiti moja vinakufuata wiki nzima kwenye saiti zingine. Hizo kuzizuia ni haki yako kabisa. Safari, ile brauza ya Apple, walizizuia zote wenyewe tangu Machi 2020, na Firefox tangu Juni 2022 wanampa kila muuza dawa daftari tofauti kwa kila kliniki ili asiweze kuunganisha. Google walitangaza Januari 2020 kwamba nao watazitoa kwenye Chrome, wakaahirisha na kuahirisha, Julai 2024 wakabadili msimamo, na mpaka Aprili 2025 wakasema mambo yanabaki kama yalivyo mtumiaji achague mwenyewe. Kwa hiyo kwenye Chrome usiposhika setingi kwa mkono wako zinapita, isipokuwa ukiwa hali fiche, yaani lile dirisha la faragha.

Sasa lile boksi jeupe. Kwa maelezo yako mtihani wenu hauko kwenye saiti ya chuo, umeletwa kutoka saiti nyingine ukapachikwa ndani ya ukurasa, na wenyewe unataka kuonyesha kadi yake. Brauza inaona huyu ni mtu wa nje, inamnyima. Ukiwa kwenye ukurasa huo angalia kwenye upau wa anwani wa Chrome, kuna alama ya jicho, bonyeza uruhusu kuki za nje kwa saiti hiyo peke yake. Usirudishe kwa saiti zote kwa sababu ya mtihani mmoja.

SWALI: Simu yangu ilizima chaji siku tatu. Nilipoiwasha kila saiti inasema muunganisho si salama, na zote zimenitoa. – Mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Tafadhali tazama tarehe ya simu. Zipo simu ambazo betri ikiisha kabisa saa yake inarudi miaka ya nyuma au inaruka inakojua yenyewe. Kuki ina tarehe ya kuisha na vyeti vya usalama vya saiti vina tarehe ya kuanza na kuisha, simu ikikosea siku inaweza kuviona batili. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe kwa mtandao, funga brauza ufungue upya, onyo litaondoka. Zile saiti zilizokutoa utaingia mara moja kwa paswedi kisha zitatulia.

SWALI: Niko Hamburg, huku kila saiti inaniuliza kama nakubali kuki. Nikikataa nitaweza kulogini? Naogopa, kwa hiyo nakubali zote. – Msomaji, Ujerumani

JIBU: Kataa bila wasiwasi ndugu. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka uombwe ruhusa kwa kuki za matangazo na za kukufuatilia, ila zile ambazo saiti haiwezi kufanya kazi bila hizo, na kadi yako ya kulogini imo humo, haziombewi ruhusa. Ukikataa utaingia kama kawaida. Ila ujue ukiwa na tabia ya kufuta kuki kila siku na lile jibu lako la kukataa linafutika pamoja nazo, maana nalo limeandikwa kwenye kuki, ndo kwa nini wengine wanaulizwa kila siku wanadhani saiti inawasumbua makusudi.

SWALI: Nimeweka tiki ya "nikumbuke" kwenye saiti ya benki, bado inanitoa nikikaa dakika chache tu. Na saiti nyingine niliyoingia miaka miwili nyuma nayo imenitoa. – Fundi cherehani, Mwanza

JIBU: Benki inakutoa kwa makusudi, muda umepangwa kule kwao na hakuna setingi ya kwako itakayobadilisha, na mimi nawaunga mkono kabisa kwa hilo. Ile tiki kwenye saiti za benki mara nyingi inakumbuka jina tu. Hiyo ya miaka miwili ni muda tu umeisha, tangu 2022 Chrome haikubali kuki ikae zaidi ya siku 400 bila kuandikwa upya.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Iringa, nimemaliza chuo natafuta kazi. Sina kompyuta kwa hiyo maombi yote nayafanyia steshenari. Juzi nilifungua email pale, nikapakua vyeti vyangu, nikatuma, nikafunga dirisha nikaondoka. Usiku nikakumbuka sikubonyeza kutoka. Rafiki yangu anasema nisijali dirisha likifungwa basi. Je ni kweli? – Binti, Iringa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na nakuomba ukimaliza kusoma hapa ushike simu yako tulimalize leo hii.

Nakwambia kitu nilichokiona mwenyewe. Juma lililopita niliingia steshenari moja kuprinti barua mbili. Nikakaa, nikafungua saiti ya email, kabla sijaandika hata herufi likafunguka sanduku la barua la mtu. Juu kabisa kuna ujumbe wenye viambatisho vitatu, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne na picha ya pasipoti ya binti amevaa shati jeupe, chini yake ujumbe wa kuitwa kwenye usaili na namba ya simu ya nyumbani kwao. Nilimtoa palepale nikamuuliza kijana wa pale kama anamfahamu, akasema huyo dada aliondoka jana mchana. Jana mchana. Kuanzia hapo mpaka mimi naingia, watu wangapi wamekalia kile kiti sijui, na yeyote kati yao angeweza kuomba paswedi mpya ya akaunti yake yoyote ile ikaja mle mle kwenye email.

Ndo ninachotaka ukijue. Kufunga dirisha ni kuacha kadi yako juu ya meza ya kliniki ukatoka nje. Kuna kuki zinazofutika brauza ikifungwa, ila za email na mitandao ya kijamii zimepewa miezi, hizo zinabaki hata kompyuta ikizimwa. Na zile fupi nazo haziaminiki, kwa sababu kompyuta nyingi zimewekwa brauza iendelee pale ilipoishia, ikifunguliwa inarudisha kila kitu. Ukibonyeza kutoka, kinachotokea ni tofauti kabisa, saiti kule kwenye faili inaifuta ile namba, hata kama kadi imebaki kwenye kompyuta haifungui kitu.

Na kadi hiyo ni nzito kuliko watu wanavyodhani, aliye nayo haulizwi paswedi wala ile namba inayotumwa kwenye simu, kwa sababu mwenyewe ulishaulizwa ukajibu. Machi 2023 chaneli kubwa ya YouTube ya Linus Tech Tips yenye mamilioni ya wafuasi ilitekwa hivyo. Mfanyakazi wao mmoja alifungua faili lililoletwa kama pendekezo la udhamini, ndani yake kuna kirusi, kikachukua kuki za brauza kikazituma kwa wezi, basi wakaingia bila kugusa paswedi. Hao ni watu wa kompyuta wanaoishi kwa kazi hiyo. Fikiria sasa mashine ya steshenari inayochomekwa flashi za mtaa mzima kutwa.

Kwa hiyo leo. Kwenye simu yako fungua akaunti yako ya Google, nenda sehemu ya usalama, tafuta vifaa vyako. Utaona orodha, simu yako na kompyuta usiyoijua yenye Windows, bonyeza hiyo kompyuta uitoe. Facebook nayo kwenye kituo cha akaunti kuna orodha ya sehemu ulizologini, kama uliifungua pale itoe pia. Halafu badilisha paswedi ya email, kwa sababu yawezekana ile brauza iliuliza isevu ukabonyeza ndiyo bila kusoma, na paswedi iliyosevewa pale huwezi kuifuta ukiwa nyumbani ila ukiibadilisha ile ya zamani inakuwa haina kazi.

Ukirudi steshenari kwa maombi mengine, ukikaa tu fungua dirisha la hali fiche. Kadi utakazopewa mle zinachanwa ukishafunga madirisha yote fiche, yote nasema, likibaki hata moja nyuma ya mengine kadi bado ziko hai. Hata hivyo bonyeza kutoka kwanza ndo ufunge, usitegemee kimoja. Na kama umesahau ukafungua dirisha la kawaida, Chrome ikakuuliza kama uwashe usawazishaji kwa akaunti yako, kataa, ukikubali inavuta paswedi zote ulizowahi kusevu kwenye simu inaziweka kwenye kompyuta ya watu.

Kuna kitu hali fiche haigusi kabisa, nacho ni mafaili uliyopakua. Vyeti vyako vya juzi mdogo wangu bado viko kwenye folda ya Downloads ya ile mashine. Kesho asubuhi pita pale, mwombe kijana akupe dakika mbili, panga mafaili kwa tarehe uyaone ya siku ile, yafute, halafu fungua na pipa la takataka la kompyuta uyamwage na humo. Akikwambia hakuna shida huwa wanafuta wenyewe jioni, mwambie asante, ila kaa mwangalie pamoja.